Mchi Uliogeuka Filimbi

Sogeeni karibu, na anayesikiliza kwa sikio moja aongeze la pili, maana hadithi hii nitawafikisha mlangoni tu. Ndani mtaingia wenyewe.

Huko Masasi, upande wa nyuma wa milima ya mawe, walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Bibi Somoe, Mmwera, mjane, ambaye kipawa chake kilikuwa kutunza: chungu alichopewa siku ya harusi bado alikuwa akikipikia. Wa pili ni Fundi Chilumba, Mmakonde, mkerezaji wa mbao, ambaye kidole chake kiliona kasoro kabla ya jicho. Wa tatu ni Kasiani, mkulima wa korosho. Yeye, wimbo ukishaingia sikioni mwake, hautoki.

Na wa nne ndiye mwenye mzigo katika hadithi hii: Mwalimu Fidelis, mstaafu, aliyefundisha fizikia, mume wa Perpetua. Kasiani alikuwa mdogo wake Perpetua, kwa hiyo shemeji yake Mwalimu.

Perpetua alipokuwa msichana wa shule alifundishwa kupuliza filimbi na sista mmoja kutoka Ayalandi. Haikuwa filimbi ya bendi, ya chuma, yenye vitufe vingi. Ilikuwa ya mbao nyeusi, ya kushika kwa upande, yenye matundu sita ya vidole na moja la kupulizia, basi. Sista alipoondoka alimwachia, na agizo juu yake: "Ipulize kila siku. Mbao hii huishi kwa pumzi." Perpetua akaolewa, akazaa, akalea. Filimbi ikapanda juu ya kabati, chini ya bati. Kiangazi kimoja alipoishusha aliikuta ina ufa kutoka kichwani hadi mkiani, na pumzi ikiingia inatokea ubavuni. Hakulia. Hakuitupa pia.

Miaka ikapita. Perpetua akaugua, madaktari wakamrudisha nyumbani, na kila mtu akaelewa maana ya kurudishwa. Akamwambia mumewe jambo moja tu.

"Fidelis, ningependa niusikie ule wimbo wa Sista kabla sijaenda."

Mwalimu akawaandikia mafundi wa Ayalandi wanaouza filimbi za aina ile. Wakamjibu kwa adabu, lakini foleni yao ilikuwa ndefu kuliko ugonjwa wa Perpetua. Mmoja akaongeza kwamba mbao anayoipenda kuliko zote ni mpingo, nao humfikia kutoka kusini mwa Tanzania. Mwalimu alipousoma mstari ule aliinua macho, akautazama mpingo uliosimama ng'ambo ya barabara.

Akaichukua filimbi iliyopasuka, akaenda nayo kwa Fundi Chilumba. Fundi akaichungulia kama mtu anayechungulia bunduki.

"Nje ni mchezo," akasema. "Ndani ndiko kuna ujanja. Huku pana, huku panabana, kama pembe. Patasi yangu haifiki huko."

Akachukua springi ya lori, akaipasha moto, akaigonga mpaka ikawa chombo chembamba cha kuchimba tundu lenye umbo lile. Kisha akakata mpingo uliokuwa umeangushwa masika yale yale. Filimbi ya kwanza ikapinda kwenye mashine. Ya pili ikatoka nzuri, ikalala mezani, na asubuhi ikakutwa na ufa. Wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba mbao ilikuwa mbichi. Wote wawili walinyamaza, kwa kuwa mgonjwa hangoji mti ukauke. Na Fundi alikuwa akikereza huku milango ya karakana imefungwa, upepo usije ukaipiga kazi. Vumbi la mpingo ni jembamba kuliko unga wa sembe. Likamwingia kifuani, kikaanza kulia kama mlango mbovu. Daktari akamwambia achague: mbao hiyo au pumzi yake. Akasema atachagua baada ya ya tatu. Aliitengeneza ya tatu, na tangu siku hiyo hajagusa mpingo tena. Leo anakereza miguu ya vitanda kwa mninga. Mmakonde huyo, mtoto wa mchongaji.

Lakini hiyo ya tatu ilihitaji mbao kavu. Fundi alikuwa amesema, katikati ya kikohozi, "Kavu ipo moja tu hapa kwetu, na sasa hivi inatwanga."

Ulikuwa mchi wa Bibi Somoe. Wa mpingo, mzito, mweusi, laini mahali pa mikono. Mama yake aliutwangia, na mama wa mama yake. Mwalimu na Fundi walipofika uani kwake, akaanza Fundi, kwa utani wa makabila yao.

"Bibi, tumekuja kuposa mchi."

"Nyie Wamakonde! Mmemaliza misitu, sasa mnaingia jikoni?"

"Jikoni ndiko kwenye wazuri."

"Wazuri hawapendi wenye kukohoa." Kisha akamtazama Mwalimu, na uso wake ukabadilika. "Ni kwa ajili ya Perpetua?"

"Ni kwa ajili yake, Bibi."

Bibi Somoe akamaliza kutwanga kilichokuwamo kinuni. Akaupangusa mchi kwa upindo wa kanga, akaukabidhi kwa mikono miwili. "Mama alinishikisha huu kabla sijajua kufunga kanga. Msinirudishie vipande, sitaki kuviona." Tangu hapo yeye, ambaye watu walizoea kuja kwake kuazima, akawa anatoka kwenda kuazima mchi kwa jirani.

Filimbi ikawa tayari, nayo ilikuwa kama mtoto mchanga. Filimbi mpya ya mbao haipulizwi tu. Ukiilowesha kwa pumzi nyingi mara moja, inavimba ndani na kupasuka nje. Hupulizwa kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, ikafutwa, ikapakwa mafuta ya ufuta, na kila kukicha huongezewa kidogo bila kuruka. Perpetua hakuwa tena na pumzi ya kufanya hivyo. Akaja Kasiani, aliyekuwa akiusikia wimbo ule dada yake alipokuwa akija likizo.

Ulikuwa msimu wa mikorosho kutoa maua, na maua yasipopigwa dawa ya salfa kwa wakati, ukungu huyala. Shamba lake lilikuwa mbali. Jirani yake wa shambani akapiga simu.

"Kasiani, maua yako yameanza kuwa meupe."

"Nimesikia."

"Umesikia, unakuja?"

"Nimesikia."

Hakwenda. Mavuno ya mwaka ule yakakauka yangali maua. Naye hapo mwanzo alikuwa akitoa upepo mtupu, mpaka Perpetua akamwuliza kutoka kitandani, "Mdogo wangu, unapoza uji?"

Ikafika siku ambayo Perpetua alikuwa haongei tena. Kasiani akaketi ubavuni pake, Mwalimu miguuni. Bibi Somoe alisimama mlangoni pamoja na Fundi Chilumba, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa leso, akikishikilia kikohozi chake. Kasiani akapuliza. Wimbo ulipofika kipande cha pili, Perpetua akafumbua macho.

"Hapo umekosea," akasema. "Sista alikuwa anapanda, hashuki. Rudia."

Kasiani akarudia. Dada yake akasikiliza mpaka mwisho, uso wake kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Sasa ndio wenyewe."

Hakusema neno jingine. Alifariki kesho yake.

Mwalimu akaiviringa filimbi katika kanga ya marehemu, akailaza upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe. Hakuna aliyethubutu kuiomba. Arobaini ikapita, joto la kabla ya mvua likashika, bati likawa linapiga kelele mchana. Fundi alipokuja kujulia hali aliomba aione, akaipitishia kidole.

"Mwalimu, hapa panataka kufunguka. Ikikosa mdomo wiki hii, itaifuata ile ya Sista."

Mwalimu alijaribu mwenyewe kupuliza, ukatoka upepo. Akajaribu tena, upepo. Na akajua jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba sehemu fulani ya moyo wake iliona heri ipasukie kwake kuliko iwe nzima kwa mwingine. Alipolitambua hilo, akawaita wote watatu, akawaambia ataitoa siku ileile, na kila mmoja aseme lake.

"Nipeni mimi," akasema Bibi Somoe. "Mjukuu wangu Tabia ana mapafu ya mbuzi, ataipuliza. Nyie mlitoa kazi. Mimi nilitoa kitu, na kitu chenyewe ndicho kile pale."

"Bibi, ulitoa mchi," akasema Fundi. "Ningekufa kazi ikiwa njiani, leo ungekuwa na mchi tu. Aliyeitoa filimbi humo ni mimi. Huo ndio mpingo wangu wa mwisho duniani. Kijana wangu atapuliza, mimi nitakaa nisikilize."

"Wewe ukiikoholea itapasuka siku hiyohiyo!"

Wakacheka wote. Mwalimu pia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kasiani ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Mlitengeneza kitu cheusi chenye matundu," akasema polepole. "Dada aliomba wimbo."

"Na wewe ni damu yake," akajibu Bibi Somoe, bila ukali. "Mtu hutuzwa kwa kumwuguza dada yake? Neno lake la mwisho ulilipata wewe. Sisi tulikuwa mlangoni."

"Wimbo unao kichwani," akaongeza Fundi. "Sisi tukiikosa hii, hatuna kitu."

"Ninao, ndiyo. Lakini nikifa nao?"

Mwalimu akauliza kama haiwezekani wakaishika kwa zamu. Fundi akatikisa kichwa: mbao ile huzoea mdomo mmoja na nyumba moja; ya kuzungushwa huvimba huku, hukauka kule. Kisha wote watatu, mmoja baada ya mwingine, wakasema kwamba akipewa mwenzao hawatakuwa na kinyongo. Hilo ndilo lililomwelemea Mwalimu kuliko yote. Laiti mmoja wao angetishia, angejua wa kumnyima.

Akaifungua kanga, akainuka na filimbi mikononi. Mbele yake watu watatu wameketi, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Bila mchi, bila mkono wa Fundi, bila pumzi ya Kasiani, Perpetua angeondoka bila wimbo wake. Hilo hakuna anayelibisha. Lakini filimbi ni moja, na ufa haungoji mashauri.

Haya, ninyi mlioketi hapa. Mwalimu bado amesimama, anawatazama. Mwambieni: ampe nani?