Duka Lililofungwa Alasiri

Fundi Mwajabu alikuwa na ulimi laini kama halua. Msimu mzima wa sare za shule, Bwana Shekue alimshonesha hadi saa mbili usiku, kisha akamwachisha kazi bila kumlipa ziada. Mwajabu akawa hajui adai au anyamaze. Alipogusia tu, tajiri alicheka.

"Nani alikuona? Duka langu nafunga alasiri."

Mwajabu hakubishana. Alibeba visheti, akaenda nyumbani kwa tajiri, akamkuta anakula na mkewe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilidhani namdai bwana kazi ya usiku, kumbe duka lilikuwa likifungwa alasiri."

Mke akaliweka tonge chini. "Alasiri? Shekue, msimu mzima ulikuwa ukirudi saa nne usiku. Si uliniambia unasimamia mafundi?"

"Basi niwaache mle," alisema Mwajabu, akainuka.

"Kaa, fundi," tajiri alisema, mkono umeshaingia mfukoni. "Mke wangu, nilikuwa namtania huyu. Tulikuwa tukishona mpaka saa nne."

"Saa nne, bwana?" aliuliza Mwajabu kwa upole. "Si saa mbili?"

"Saa nne," alisema tajiri, jasho likimtoka, akamlipa mpaka saa nne.