Besi Iliyopotea Lihanjo

"Usilaumu ngoma, kofia i masikioni."

Hayo ndiyo maneno mliyomsikia Bibi Enelika akimjibu binti wa jirani, yule aliyekuja kulalamika kwamba mwalimu wa hesabu hafundishi kitu. Binti akanuna, bibi akacheka, nanyi mkaja mbio kuniuliza ngoma imetoka wapi na kofia imefuata nini. Haya, sogeeni karibu na moto. Msidhani hiyo ni methali ya mababu wa mababu. Ni changa, na wengi walioiona ikizaliwa bado wanakula ugali wao vizuri. Ilizaliwa hapa hapa Lihanjo, na ilizaliwa namna hii.

Mwaka ule usharika wetu ulikuwa ukijiandaa kwa jubilei. Mwalimu wa kwaya alikuwa Betueli Mgaya, mume wa huyu huyu Bibi Enelika. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpenda utani, ila kwenye nyimbo hakutaniana na mtu. Mwimbaji akiteleza kidogo tu, Mwalimu alishika shavu kama anayeumwa jino.

Siku ya jubilei ilitakiwa uimbwe wimbo wa kwanza wa usharika, ule uliotungwa na waanzilishi wa kwaya. Akina mama wazee waliikumbuka sauti ya kwanza na ya pili. Sauti ya tatu aliikumbuka mwenyekiti wa kwaya, Mzee Kaduma, aliyeiimba ujanani. Iliyokosekana ni besi. Wana Lihanjo hawaiiti besi, huiita ngoma, kwa sababu kwaya yetu zamani haikuwa na kinanda wala gitaa, na mapigo yalishikwa na sauti nzito ya wanaume. Waimbaji wote wa ngoma walikuwa wameshalala katika Bwana. Wa mwisho wao alikuwa Mzee Yeremia, baba yake Betueli.

Wimbo ule ulipokuwa ukiimbwa, Betueli alikuwa kijana anayesoma mbali. Aliporudi, kwaya ilikuwa imehamia nyimbo nyingine, na baba yake hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo mwalimu hakuwa akitafuta sauti ya kufundishia tu. Alikuwa akimtafuta baba yake, na jambo hilo hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Bahati njema kaseti moja ilikuwa imesalia. Mpwa wake aliyekaa Dar es Salaam aliipeleka kwa watu wanaojua kazi hiyo, wakauhamishia wimbo kwenye kicheza muziki kidogo, cha kutoshea kiganjani. Akakituma kwa basi pamoja na hedifoni kubwa, zile za kuvaa kichwani zikameza sikio lote. Betueli alizipokea kwa mikono miwili.

Ninyi mnaijua Juni ya huku. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kwa jalidi, na mtu akipiga chafya jirani anamwonea huruma. Betueli alikuwa na kofia ya sufu aliyofumiwa na Enelika, nene, iliyoshuka mpaka chini ya masikio. Tangu baridi ianze hakuwa ameivua ila kwa kuoga na kwa sala. Akazivalia hedifoni juu ya kofia hiyo hiyo, akafumba macho, akabonyeza.

Mnacheka, kwa sababu methali mmeshaisikia. Yeye hakuwa nayo.

Sauti ya kwanza ilikuja, kali na safi. Ya pili nayo ikaja, ikafuatwa na ya tatu. Ngoma haikuwepo. Pale ambapo Mzee Yeremia alipaswa kuwapo palikuwa na upepo mtupu. Betueli akarudia, akarudia tena, na uso wake ukawa mdogo.

Siku ya gulio alikwenda Njombe mjini kwa fundi wa redio aitwaye Mtewele. Kicheza muziki alikiacha nyumbani, akihofia wezi wa stendi, kwa hiyo alieleza kwa mdomo tu. Fundi alimsikiliza, akasema, "Hedifoni kubwa nyingine ni nzito kuendesha, Mwalimu. Mashine ndogo inashindwa nazo. Hapo unahitaji amplifaya ndogo, inakaa katikati, inaisaidia mashine. Lakini kwanza fungua sauti mpaka mwisho. Wimbo wote ukibaki mdogo, amplifaya ni lazima. Usipobaki mdogo, tafuta tatizo mahali pengine, maana amplifaya inakuza kinachofika, haileti kisichofika."

Maneno yalikuwa mengi na yote ya maana. Lakini mwenye kiu husikia neno maji tu, na Betueli alirudi na neno moja kichwani: amplifaya.

Jioni ile alifungua sauti kama alivyoelekezwa. Hata hakufika mwisho, akina mama wa sauti ya kwanza wakamchoma mpaka akapiga kelele na kuirudisha chini.

"Baba," Enelika akamwita kutoka jikoni, "hiyo mashine unayosema ni dhaifu, mbona nyimbo zake nazisikia mimi huku kwenye mafiga?"

"Unazisikia sauti za juu, mke wangu. Ngoma ndiyo haina nguvu."

"Basi ukiongeza nguvu si utazidi kupasuliwa na hao wa juu?"

Swali lilikuwa zuri kuliko majibu yote yaliyopatikana mwezi ule. Betueli akalipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Kesho yake alikipeleka kicheza muziki mazoezini ili asionekane ana lake jambo. Kila mwanakwaya alipewa zamu ya kusikiliza. Wanaume walivalia hedifoni juu ya kofia zao za sufu, akina mama juu ya vilemba na vitambaa vizito, na Mzee Kaduma, aliyependa joto kuliko wote, juu ya kofia aliyoifunika kwa skafu. Wote wakatikisa vichwa. Ngoma haipo! Mashine ni ndogo mno! Hapakuwa na mmoja aliyepinga, na kila shahidi alikuwa na kofia yake.

Sasa, kwaya ilikuwa na mali moja tu yenye maana: kondoo dume mnene aliyeitwa Jubilei. Alifugwa kwa ajili ya karamu ya siku hiyo, na Enelika ndiye aliyemlisha maganda ya viazi tangu akiwa mdogo. Ikaamuliwa auzwe, fedha zikanunue amplifaya. Vijana wa sauti ya tatu walinung'unika kweli kweli, maana walikuwa wameshagawana nyama yake kwa mdomo. Lakini wangefanyaje? Siku ya jubilei bila ule wimbo haikuwa jubilei, na wimbo bila ngoma haukuwa wimbo.

Mchana wa kumtoa, wanakwaya walikusanyika kanisani. Mchuuzi wa mifugo alisimama nje mlangoni, kamba mkononi. Betueli alikaa benchi la mbele, kicheza muziki mfukoni kikiimba chenyewe, hedifoni zikiwa shingoni. Aliona aibu. Alikuwa anawanyima watu karamu, na ndani ya moyo wake aliogopa kwamba hata hiyo amplifaya ikija, baba yake hatakuwemo.

"Tuombe," akasema Mzee Kaduma.

Wanaume wote wakavua kofia, ndivyo desturi. Betueli naye akavua yake, akaiweka gotini. Baridi ikamshika masikio.

Sala za Mzee Kaduma mmezisikia sifa zake. Zilianzia kwenye uumbaji, zikapita Misri, na kabla hazijavuka Yordani mtu aliweza kupika maharage yakaiva. Betueli alivumilia mpaka gharika. Kisha, macho yakiwa yamefumbwa, mkono wake ukapanda polepole, ukazipandisha hedifoni masikioni. Alitaka kumwomba radhi baba yake kabla kondoo hajaondoka, basi.

Kwanza alidhani lori linapita barabarani, kitu kizito kilichotetemeka chini ya wimbo. Kisha kile kitu kikavuta pumzi, kikaimba. Ilikuwa sauti ya mwanaume aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde, nzito, tulivu, ikilivuta kila neno la mwisho kidogo kuliko wenzake, vile vile alivyokuwa akilivuta jina la mwanawe alipomwita nyumbani jioni. Betueli akasahau alipo. Akafungua kinywa, akaimba naye.

"...na umbariki mnyama huyu anayetuacha," Mzee Kaduma alikuwa akisema, ndipo ile ngoma ilipomfikia kutoka benchi la mbele. Akafumbua jicho moja. "Mwalimu! Tupo mbele za Mungu!"

"Ndiko aliko baba!" Betueli akapaza sauti, machozi yakimtiririka, meno yote nje. "Namsikia, Mzee! Yumo! Alikuwemo siku zote!"

Watu wakafumbua macho bila kungoja amina. Enelika alimtazama mumewe juu mpaka chini, akaiona kofia gotini. Akainuka, akaiokota, akamrudishia kichwani na kumvalisha hedifoni juu yake.

"Je, sasa?"

"Ametoweka," Betueli akasema kwa hofu.

Enelika akazivua hedifoni, akaing'oa kofia, akazirudisha.

"Na sasa?"

"Amerudi."

Sufu ile nene ilikuwa ikiacha mwanya kati ya hedifoni na sikio, na sauti nzito ndiyo huvuja kwanza. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikalipasua kanisa. Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Vilemba vikafunguliwa, skafu zikavutwa, watu wakapokezana zile hedifoni vichwa wazi, na kila aliyezivaa alitoa sauti ya mshangao. Zamu ya Mzee Kaduma ilipofika alikaa nazo kitambo kirefu.

"Yeremia," akasema taratibu, kama anayemsalimia njiani, "kamwene, ndugu yangu. Kamwene."

Hakuna aliyemcheka hapo.

Mchuuzi akachungulia mlangoni. "Jamani, kondoo namfunga au simfungi?"

"Nenda salama, mwanangu," akajibu Mzee Kaduma akifuta macho kwa skafu yake. "Hatuuzi. Tulikuwa tunailaumu ngoma, kumbe kofia i masikioni."

Hapo ndipo maneno hayo yalipotamkwa mara ya kwanza. Kabla jua halijazama yalikuwa yameshafika kisimani, na wiki iliyofuata yalisikika gulioni. Mke aliyelaumu jiko huku kuni zake zimelowa, aliambiwa hayo. Hata mchungaji aliyelalamikia matoleo madogo huku amesahau kutangaza sikukuu ya mavuno, naye aliambiwa, kwa heshima lakini.

Betueli aliifundisha ngoma kutoka kwa baba yake, neno kwa neno, pamoja na ule mvuto wa mwisho. Siku ya jubilei ilikuwa baridi ya kukata masikio. Wimbo ulipotangazwa, wanaume wa besi walivua kofia zao bila kuamriwa na mtu, wakaimba. Wazee waliomjua Yeremia waligeuka kutazama mlango. Baada ya ibada ikaliwa karamu ambayo Lihanjo haijaisahau, na katika usharika mzima ni yule kondoo tu aliyekuwa na sababu ya kujuta kwamba amplifaya haikununuliwa.

Kicheza muziki kile bado kipo. Jioni za Juni, Bibi Enelika humwona mzee wake akiivua kofia, akiiweka gotini, akikaa na masikio wazi kwenye baridi mpaka wimbo uishe. Humfunika mabega kwa shuka, asimsemeshe.

Basi, yule binti wa jirani msimcheke. Hukaa dawati la nyuma kabisa, simu chini ya meza, halafu anasema mwalimu hafundishi. Huenda kweli hafundishi, mashine dhaifu nazo zipo duniani. Lakini kesho asogee mbele, simu aiache nyumbani, asikilize kwanza. Akirudi tena kulalamika, tutamwuliza kama masikio yake yalikuwa wazi.

Usilaumu ngoma, kofia i masikioni.