Kijana Aliyeagwa Kabla ya Safari

Ngoga alitaka kwenda Urusi kusomea udaktari wa mifugo, lakini hakujua kusema kwa Kirusi kwamba anakwenda. Shida ilikuwa hiyo, wala haikuwa ndogo. Chuo cha huko kilikuwa tayari kumsomesha bila ada, kwa sharti moja: azungumze na mwalimu wao kwa simu ya video, kwa Kirusi, bila karatasi mbele yake. Akiweza, atasafiri. Akishindwa, nafasi yake ya mwaka ule atapewa mwingine.

Sisi husema "kwenda" tukamaliza. Mtu akielekea kisimani au Kampala, kwa miguu au kwa pikipiki, neno ni lile lile. Warusi hawakubali. Aendaye kwa miguu ana neno lake, na aliyepanda gari ana lake. Anayekwenda upande mmoja sasa hivi hasemwi kama yule aendaye na kurudi kila siku. Hata kuswaga ng'ombe kuna maneno mawili. Ngoga alizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, akakulia Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nyuma ya mikia ya ng'ombe. Alipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza, alijiona kama mtu aliyefika njia panda katikati ya ukungu.

Aliyemfundisha alikuwa Daktari Kampire, mama mstaafu wa Ruharo, mjini Mbarara, ambaye naye alisomea mifugo Urusi enzi za ujana wake. Kila Jumamosi Ngoga alidandia gari la maziwa hadi kwake. Mama huyo hakutumia ubao wala kitabu. Alimtoa nje wakatembea kuelekea mto Rwizi, na njia nzima wakataja lile neno la kwenda upande mmoja. Wakifika mtoni waligeuka, na neno nalo likageuka. Ngoga alipotaka kuruka mbele, mama huyo alimzuia kwa Kiswahili chake cha Mbarara kisicho na mapambo.

"Kijana, neno kama miguu yako haijafanya, wewe acha kusema. Mpora mpora. Mimi huko nilikaa baridi mzima sisemi kitu, natembea tu."

Mpora mpora ni polepole kwa lugha ya kwao.

Ngoga alitii. Asubuhi, ukungu ulipopanda kutoka ziwa lililo karibu na kambi na kufunika nyasi, ng'ombe aliowachunga waligeuka mawingu yenye pembe, naye akawafuata akinong'ona Kirusi mpaka hakujua kama anachunga au anaota. Ukungu ulikuwa theluji. Wanyama walielea kuelekea mji mweupe asioujua, wenye madirisha marefu yenye taa. Kisha jua likatoka, mji ukawa kichuguu, na ndama akalia. Lakini maneno yalibaki. Yaliingia kichwani kama ng'ombe waingiavyo zizini, mmoja baada ya mwingine, bila kusukumana.

Majirani ndio waliokosa subira. Jumamosi moja jioni mama yake, Kantengwa, alimwekea ugali kisha akakaa mbele yake bila kula.

"Mwanangu, batu banauliza tutakuaga siku gani. Banasema unatembeaka na ng'ombe ukisema peke yako, eti kichwa imeharibika. Tukuage tu. Mungu atamalizia yenye inabaki."

Katika kanisa lao, anayekwenda ng'ambo huimbiwa na kuombewa, naye hugawa vyake, kwa sababu msafiri wa kweli haachi kamba ya kumvuta nyuma. Jambo hilo hufanywa tiketi ikiwa mkononi. Ngoga hakuwa na tiketi. Lakini kuitwa mwendawazimu kulimchoma kama mwiba wa mgunga. Chuo kilimruhusu kuchagua tarehe yoyote ya mtihani huo wa simu hadi mwisho wa mwaka, naye akachagua ya karibu kuliko zote. Daktari Kampire alimpigia simu akamwambia bado, hawajagusa maneno ya kubeba, hawajagusa ya kufika. Ngoga alimshukuru kwa adabu, na hakurudi Ruharo.

Basi akaagwa. Mchungaji Nehemiya aliomba mpaka sauti ikakauka. Akina mama waliimba. Mbele ya wote Ngoga akampa binamu yake Irakiza ng'ombe aliyekuwa mali yake mwenyewe, Gaju, mwenye mimba kubwa. Watu wakapiga makofi, maana kwa Wanyamulenge, watu wa kabila lao, ng'ombe aliyetolewa hadaiwi.

Tangu siku hiyo Ngoga alifungwa na sherehe yake. Aliyeagwa haonekani tena njiani akichunga. Watu watauliza kulikoni. Akajifungia ndani na simu, akameza kurasa nzima za Kirusi: jina lake, sifa za mama yake, uzuri wa mji wa chuo. Ulimi ulikimbia kama maji ya mteremko. Miguu ilikaa kitandani.

Siku ya mtihani alikodi chumba chenye mtandao mjini Mbarara. Nyuma ya mwalimu wa Kirusi kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha theluji ilianguka taratibu, kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa mbinguni. Ngoga akaanza. Alikwenda mbio, bila kituo. Mwalimu alitabasamu, akainua mkono, akamuuliza jambo ambalo hata mtoto huulizwa: leo umefikaje hapo, ulikuja na nani, na mlibeba nini?

Alikuja kwa miguu, kisha kwa pikipiki, na mama yake alibeba kibuyu cha maziwa. Katika kurasa zake zote, njia hiyo haikuwamo. Akaitazama theluji. Ilikuwa nzuri mno. Akafungua kinywa, akaanza tena uzuri wa mji. Mwalimu alimwacha amalize, akamshukuru, akamwambia ajaribu mwakani, picha ikazimika.

Alipopita Ruharo, Daktari Kampire hakumgombeza.

"Wewe umekimbia sana," alimwambia. "Sasa umefika wapi?"

Ngoga akadandia gari la maziwa. Alirudi Nakivale mchana kweupe, mbele ya macho ya wale wale waliomwimbia. Kesho yake Irakiza alikuja akasimama kwenye ua.

"Ndugu, Gaju iko. Useme tu, nitairudisha."

"Iko yako," Ngoga akasema. "Uniache tu nikuchungie."

"Mwenye tuliimbia mpaka makoo inauma, ni yeye atakuwa mchungaji wangu? Na mushahara utataka ya Kirusi?"

Wakacheka wote wawili, Ngoga kwa uchungu zaidi. Lakini alikwenda. Mwaka mzima alimfuata ng'ombe aliyekuwa wake, akisema kwa sauti kila alichofanya: anaswaga, anaongoza, anabeba, anarudi. Walimwita Mrusi, akaitika. Jumamosi alitembea tena hadi mto Rwizi na mama daktari. Ilifika mahali akaanza kuota mtu akimuuliza njia kwa Kirusi, naye akimjibu bila kufikiri, huku theluji ikiangukia migongo ya ng'ombe wa Nakivale na kuyeyuka kwa joto lao.

Mwaka uliofuata mwalimu aliuliza swali jingine: jana ulifanya nini? Ngoga akasimulia polepole. Jinsi alivyotoka na Gaju, jinsi ndama mchanga wa jirani alivyokwama kwenye matope ya ziwa, jinsi alivyombeba mabegani hadi nyumbani. Mwalimu hakuinua mkono. Mwishoni aliuliza kama ndama ni mzima.

Nafasi aliipata. Lakini hesabu ni hesabu. Ile haraka ilimgharimu mwaka mmoja wa masomo. Ilimgharimu Gaju, na ndama wake, na maziwa ambayo Kantengwa sasa huomba kwa Irakiza. Ilimgharimu na nyimbo pia, kwa sababu kanisa haliagi mtu mara mbili: siku aliyoondoka kweli hakuna aliyeimba, mama yake tu alimshika mkono mpaka barabarani. Kwenda mbio si kufika.