Kenge na Watoto wa Mama Perege

Hadithi tena. Maharage yangu hayajaiva, kuni ni mbichi, moshi umenijaa machoni, na nyinyi mmejipanga hapo kama vifaranga. Na wewe mkwe wangu usijifiche nyuma ya watoto, nimekuona. Haya, nasema mara moja tu. Paukwa.

Nani huyo ameitika kwa kunong'ona? Paukwa.

Pakawa. Ehe, kumbe ugali mliula.

Hapo zamani za kale, bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mto mdogo unaitwa Lukwembe. Mdogo kweli, ukiruka vizuri unavuka. Lakini samaki walikuwamo. Perege walikuwamo, kambare walikuwamo, na wanyama wote wa pale walivua.

Walikuwa na desturi yao. Masika ikianza, migono yote hutolewa majini. Mgono ni kile kikapu kirefu cha fito, samaki akiingia hatoki. Basi hutundikwa mitini, na kila mmoja anavua kwa mshipi na ndoano. Kwa nini? Kwa sababu masika mama perege hubeba watoto wake kinywani. Anawafungia humo, hali, hasemi. Ndoano haimpati, maana chambo hakigusi. Mgono hauulizi nani ana watoto.

Kenge alikuwa mgeni. Alihamia kutoka huko kwenye mawe makavu. Korongo akamweleza, kama mgeni anavyoelezwa.

"Jirani, masika hatutegi mgono, kwa sababu..."

"Najua, najua," akasema Kenge.

Hajui kitu.

Asubuhi akaenda kuvua. Akachimba nyungunyungu. Mmoja kwenye ndoano, wengine tumboni kwake. Akatupa mshipi, chubwi. Akangoja kidogo, akautikisa, akavuta. Hakuna. Chubwi. Akautikisa, akavuta. Hakuna. Pembeni yake Korongo katulia kama kijiti. Chubwi, kambare. Chubwi, perege dume.

"Samaki wa upande wako wana udugu na wewe?" Kenge akauliza.

"Wana njaa tu. Chambo unakula mwenyewe, wao wale nini?"

Hapo akapita Mama Perege, mashavu yamejaa.

"Mama Perege, hujambo?" akasema Kenge.

Kimya.

"Umeamkaje?"

Kimya.

"Mwone huyo," Kenge akasema. "Ana maringo mpaka mashavu yamevimba."

"Siyo maringo, ana..."

"Najua, najua."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Chubwi, hakuna. Hujambo, kimya. Kenge akachukia. Mtu mzima, amsalimie samaki jana, amsalimie leo, asijibiwe? Akaenda mtini, akashusha mgono, akautega pale mto unapobana kati ya mawe.

Jioni akauvuta. Mzito. Pu, kwenye majani. Ndani yake alikuwamo Mama Perege. Alijigonga kwenye fito mpaka taya limeteguka. Kinywa kikabaki wazi. Watoto wakamwagika, wadogo kama ufuta, wakaangukia kwenye dimbwi la unyayo wa Kiboko.

Kenge akatazama dimbwi. Akamtazama Mama Perege. Sasa ndiyo akajua.

Korongo akapiga kelele. Akaja Kiboko, akaja Bibi Fisimaji, mkubwa wa mto ule. Bibi Fisimaji akamrudisha Mama Perege majini. Mama Perege akajaribu kufunga kinywa. Hakifungi. Akajaribu tena. Hakifungi. Na kambare wameshakusanyika ukingoni, wanangoja dimbwi lifurike.

"Wanangu," akasema kwa taabu. "Nani atawafunika wanangu?"

Ndiyo mara ya kwanza Kenge kusikia sauti yake. Haikuwa na maringo hata chembe.

"Watoto wanataka kinywa," akasema Bibi Fisimaji. "Korongo, wewe mdomo wako ni mkasi. Kiboko, ukipiga mwayo mmoja tumewakosa wote. Kenge, fungua."

"Mimi, Bibi? Nitawameza."

"Hutawameza. Kiboko ataweka mguu juu ya mkia wako. Mama yao anawajua wote. Akikosekana mmoja, Kiboko anakanyaga."

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Mwenzio alikuwa anakula nini?"

Kenge akafungua. Watoto wakaingia, wanamtekenya kila upande. Akakaa majini na mashavu yake. Nyungunyungu wanono wakapita mbele ya pua yake, akawasindikiza kwa macho.

Korongo naye kila asubuhi yupo.

"Jirani Kenge, hujambo?"

Kimya.

"Umeamkaje?"

Kimya.

"Jamani mwoneni. Ana maringo mpaka mashavu yamevimba."

Mto mzima ukacheka. Hata Mama Perege, taya likimuuma, akacheka kwa upande mmoja.

Mvua zikapungua, watoto wakapata nguvu. Bibi Fisimaji akasema, "Watoe." Wakatoka, chwa, chwa, chwa. Mama Perege akawatazama wote, na Kiboko ameinua mguu, anangoja.

"Wametimia," akasema Mama Perege.

Mguu ukashuka pembeni, polepole.

"Haya jirani, umejua sasa?" Korongo akauliza.

Kenge akafungua kinywa aseme najua. Sauti haipo. Imekauka kwa kufungiwa. Ikatoka pumzi tu, hsss.

Basi na nyinyi, mkielezwa desturi ya mahali, sikilizeni mpaka mwisho. Na mtu asipowaitikia, msimchukie kabla hamjajua kilichomo kinywani mwake. Mkwe wangu, nawe umesikia.

Hadithi yangu naitua hapo. Kenge alilipa sauti yake, na deni halijaisha. Mpaka leo ukimkuta mtoni, anatoa ulimi, anaurudisha, anautoa tena. Anapapasa kama kuna mtoto aliyebaki humo kinywani, asije akammeza.