Mize na Neno Lisilo na Doa

Paukwa, wadogo kwa wakubwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko majabalini, paliishi pimbi aitwaye Mize. Alikuwa na kigugumizi. Wenzake hawakumcheka. Alijicheka mwenyewe. Neno likimkwama, hulimeza. Hulinyoosha moyoni, hulisugua, hulisugua tena, mpaka ling'are. Likishang'aa, wenzake wameshaondoka. Hubaki na neno lake zuri, peke yake.

Siku moja pimbi wote walikuwa wakiota jua. Mlinzi ni Mize. Akamwona tai.

"T-t..."

Likakwama. "Ngoja nilitoe zima," akawaza. Akalimeza, akaanza upya.

Vuuu! Tai huyo! Akamparura mgongo mtoto wa Riziki, dada yake Mize. Mtoto akachomoka, akatumbukia pangoni, damu chururu.

"Ulimwona!" Riziki akalia. "Ulimwona, ukanyamaza!"

Mize akatafuta jibu lisilo na doa. Akalitafuta, asilipate. Akahamia jabali la mbali. Kukacha, kukachwa. Hakuna aliyemwita.

Siku ya siku akapita Bi Nungunungu, chakacha, chakacha.

"Hujambo, mwanangu?"

Neno likamkwama Mize. Bibi akaketi. Akangoja. Akangoja.

"Si-si-sijambo," Mize akasema, akauficha uso. "Sa-samahani."

"Samahani ya nini? Umesema hujambo, nami nimesikia. Kesho nakuja tena. Niletee neno bovu. Likwamishe makusudi."

Kesho yake: "Ma-ma-ma-maji!" Kesho kutwa: "Nyo-nyo-nyo-nyoka!" Wakacheka wote wawili, kwi kwi kwi. Miezi ikapita.

"Bibi, mbona ki-kigugumizi hakijaisha?"

"Hakijaisha. Lakini sasa unazungumza nami."

Mize akashika njia kwenda kwa dada yake. Njiani akapanga maneno mazuri, moja moja. Alipofika, yote yakaruka.

"Da-da-dada. Si-sikunyamaza kwa ubaya. Ni-ni-nilitaka neno zu-zuri. Ni-nisamehe."

Riziki akalitazama kovu la mwanawe. Akalitazama sana. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Akasogea kidogo, pakapatikana nafasi palipo na jua.

Mize akakaa.

Basi jueni, wanangu: neno lililovunjika likafika ni bora kuliko neno zima lililobaki tumboni. Na mwenzako likimkwama, mngoje.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia.