Machozi Aliyoyasifu Sheikh Ghassan

Wamesimulia waliotutangulia, nasi tunapokea kwao kwa adabu, kwamba katika mji mmoja wa bara, ambako msimu wa baridi huwa mkali kweli kweli, palikuwa na nyumba ya kutibia maskini ikiitwa Nyumba ya Shifaa. Aliyeiweka wakfu alikuwa tajiri mcha Mungu, aliyekwisha kurejea kwa Mola wake zamani. Mapato ya mashamba yake na maduka yake yote aliyaacha yawe ya wagonjwa: chakula chao, dawa zao, malazi yao, na ujira wa wanaowahudumia. Dhamana ya kuangalia kwamba wakfu huo unakwenda unavyostahili ilikuwa juu ya liwali wa mji.

Liwali wa zama hizo, Mundhir bin Aus, alikuwa mtu mwadilifu lakini mwenye shughuli zisizokwisha. Basi kazi ya kuikagua nyumba hiyo alimkabidhi Sheikh Ghassan bin Miqdam, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye watu wote walimjua kwa ucha Mungu. Alikuwa hapokei hata tende moja kutoka kwa mtu aliyetumwa kumkagua. Kila mwaka Sheikh alikwenda, na kila mwaka alirudi kwa liwali akasema, "Nyumba ni njema."

Kutoka katika ukaguzi wa mwaka uliopita, Sheikh alirudi na kisa alichokipenda mno. Alikuwa ameketi ukumbini, watumishi wakipita mbele yake mmoja mmoja, naye akimuuliza kila mmoja hali yake. Mwanamke mmoja katika wauguzi alipoulizwa alijibu, "Alhamdulillahi," na machozi yakamtiririka. Sheikh alikishika kisa hicho akakifanya cha darsa. "Sisi tunaitamka hamdu kama mtu anayetema kokwa," akiwaambia wanafunzi wake. "Lakini nimemwona mja wa Mwenyezi Mungu ambaye neno la shukrani lilimtoa machozi!" Na watu wa darsa wakilia, na Sheikh naye akilia nao, na kisa kikaenea mpaka miji ya jirani.

Ukapita mwaka, na minong'ono sokoni ikawa mingi. Maskini walikuwa wakisema afadhali kufa kwenye sakafu yako mwenyewe kuliko kupelekwa Nyumba ya Shifaa. Ikasemwa pia kwamba watumishi wanaondoka mmoja baada ya mwingine, wala hawasemi kwa nini. Maneno hayo yalipomfikia liwali alimwita Sheikh Ghassan.

"Sheikh wangu, wewe waniambia njema, na mji mzima waniambia vingine," alisema. "Nenda tena. Na ikithibiti kwamba nyumba ile imeoza, naifunga. Mapato yake nitayatia kwenye ukuta wa mji, maana sitatumia mali ya wakfu kulisha uozo."

Sheikh alitoka pale moyo umemchemka kidogo. Waja wema wa Mwenyezi Mungu ni wanadamu pia, na hakuna anayependa kuambiwa kwamba macho yake hayakuona.

Habari za ujio wake zilitangulia, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika, msimamizi wa wakfu, Hudhayl bin Farqad, alimpokea mlangoni kwa udi na maji ya waridi. Ukumbi wa wageni ulikuwa umetandikwa mazulia ambayo mguu unazama. Katikati pamewekwa kiti cha mpingo kilichonakshiwa, kiti ambacho hakikaliwi na mtu isipokuwa mkaguzi, na pembeni mablanketi mazito ya sufu yamepangwa mpaka karibu na dari. Hudhayl alikuwa mtu mpole wa maneno. Kila asubuhi aliwakusanya watumishi akawawaidhi, na waadhi wake ulikuwa mmoja: kwamba mwenye kulalamika amemshitaki Mola wake kwa viumbe, na kwamba mja mwema hujulikana kwa subira. Nani angempinga? Maneno yalikuwa ya haki.

Watumishi wakapita mbele ya kiti, Hudhayl amesimama kando. Mpishi akaulizwa hali, akasema, "Alhamdulillahi." Mtoa dawa akasema, "Alhamdulillahi." Wafagizi, wauguzi, wachota maji, wote wakahimidi. Sheikh akaanza kujisemea moyoni kwamba watu wa sokoni hawana kazi.

Adhuhuri ilipokaribia akatafuta maji ya kutawadha. Mazulia yakamtia haya kuyamwagia, akatoka mwenyewe mpaka uani kwa nyuma, penye birika la kufulia. Huko akamkuta mama mmoja ameinama peke yake juu ya rundo la mablanketi, mikono imepasuka kwa maji ya majivu. Ushungi ulikuwa umemfunika nusu ya uso. Alikuwa hakupita mbele ya kiti pamoja na wenzake, kwa kuwa wafuaji walikuwa hawaitwi ukumbini.

Sheikh alitawadha, na huku anapangusa uso akatazama mama yule anavyokunja. Ukunjaji wenyewe ulikuwa wa ajabu: blanketi lilipinduliwa, likavutwa upande, likakunjwa tena kwa mshazari, na mwisho likatoka safi kama jipya.

"Mama, mbona wakunja kwa kuzungusha namna hiyo?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, Sheikh."

"Nifundishe na mimi."

Mama akasita, kisha akamwachia upande mmoja wa blanketi. "Shika hapo. Tundu lako liko wapi? Lielekeze ndani. Sasa leta ncha hii juu yake. Penye kiraka papeleke chini kabisa. Hapo umekunja, mkaguzi akipita haoni kitu."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayefundisha kazi yake, wala hakuwa analalamika. Sheikh akalikunjua blanketi akaliinua juu, akaliona jua upande wa pili. Akachukua la pili, na la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

"Na yale ya ukumbini?" akauliza.

"Yale ni ya ukumbini, Sheikh."

Sheikh akalirudisha blanketi rundoni. Alikuwa amekwisha kuona kitu, lakini hakuwa tayari bado kukiona chote. Alipoitazama mikono ile iliyopasuka huruma ikamjaa, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alifanya kile ambacho walimu hufanya: alitafuta kisa cha kumliwaza.

"Subiri, mama yangu," akamwambia. "Katika nyumba hii hii nimewahi kumwona muuguzi, nilipomuuliza hali yake alimhimidi Mola wake mpaka machozi yakamtoka kwa shukrani. Mwanamke yule nimemfanya mfano. Watu wa miji mingine wanamtaja kwa wema."

Mama, aliyekuwa amekwisha kurudia kufua, akaacha kukamua. Maji yakawa yanachuruzika kutoka kwenye blanketi yakimlowesha miguu, naye hana habari.

"Sheikh, mwanamke huyo ni mimi. Naitwa Rayta."

Sheikh alifungua kinywa kwa furaha, na furaha ile ikamfia hapo hapo alipouona uso wake.

"Sikulia kwa shukrani, Sheikh wangu," alisema Bi Rayta. "Asubuhi ile uliyokuja, msimamizi aliamrisha mablanketi mazima yote yatolewe kwa wagonjwa yakapangwe ukumbini, uyaone. Nilikuwa namuuguza mzee mmoja, mfinyanzi, mapafu yake yameshika baridi. Nililitoa blanketi lake kwa mikono hii. Akaniambia, 'Binti yangu, utanirudishia?' Nikamwambia ndiyo, mgeni akiondoka tu. Ulipokuwa unaniuliza hali yangu, alikuwa amekwisha kukata roho, na blanketi lake liko karibu na kiti chako. Nikasema Alhamdulillahi, maana ndivyo tulivyoambiwa tuseme. Machozi sikuambiwa, yalitoka yenyewe. Na kwa ajili ya machozi hayo nikaondolewa kwa wagonjwa, nikaletwa hapa."

Sheikh Ghassan akaketi chini, kwenye tope. Alikumbuka darsa zote ambamo alikisimulia kisa kile, na watu wote waliokililia, na jinsi yeye mwenyewe alivyojiona ana jicho la kuwatambua mawalii. Akaona haya ambayo hajapata kuyaona tangu azaliwe.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Kwa kuwa tuliambiwa nyumba ikionekana mbovu itafungwa, na waliomo ndani hawana pengine pa kwenda. Na kwa kuwa niliambiwa ni subira." Akayafuta macho yake kwa mkono wenye majivu. "Yangu mimi nimeyasubiria, Sheikh, na nataraji thawabu kwa Mola wangu. Lakini ya yule mzee hayakuwa yangu. Sikuwa na idhini ya kuyasubiria, na mpaka leo namwomba Mwenyezi Mungu msamaha. Sasa nakuuliza wewe: ukiyasema haya, je, watawatupa njiani watu wote hawa?"

Sheikh hakumwahidi asichokimiliki. Alisema tu, "Nitasema kweli, na nitasimama nayo mpaka mwisho wake." Kisha akaenda kuswali, akarefusha sijida.

Alipoinuka alimkabili Hudhayl. Msimamizi hakukana. Alisema neno ambalo Sheikh alilihifadhi umri wake wote: "Sheikh, tangu nikabidhiwe nyumba hii, kila mkaguzi ameketi kwenye kiti kile na kuondoka akiusifu ukumbi, na sifa zake ndizo zilizonifanya nibakishwe. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuona mgonjwa anapolala. Mngeketi kwenye mikeka yao, ningenunua mikeka." Sheikh akaona kwamba mtu huyu amedhulumu, na kwamba katika dhuluma yake ameambiwa ahsante mara nyingi, na yeye Ghassan ni mmoja wa walioshukuru.

Akaenda moja kwa moja kwa liwali.

"Nyumba ni mbovu," alisema, "na mbovu wa kwanza ni mkaguzi wako. Ukitaka kuadhibu, anza na mimi." Akaeleza kila kitu, pamoja na kisa cha darsa, hakujifunika hata kidogo. Jina la Bi Rayta peke yake ndilo alilolisitiri, mpaka awe na hakika kwamba halitamletea madhara.

Liwali akaghadhibika. "Basi nimekwisha kusema, inafungwa!"

"Ukiifunga, wagonjwa watakuwa wamevuliwa mablanketi mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili yako."

Watu wa baraza wakainamisha vichwa, kwani liwali alikuwa hajazoea kujibiwa hivyo. Naye akamgeukia Sheikh. "Mwaka jana uliniambia njema nikakuamini. Leo waniambia mbovu. Nitajuaje kwamba leo ndiyo umeona?"

"Usiniamini mimi. Inuka sasa hivi, bila kutuma mtu mbele, twende. Na tukifika usiketi kwenye kiti."

Ikawa hivyo. Liwali Mundhir aliingia Nyumba ya Shifaa kwa mlango wa uani, udi haujawashwa. Alipita kitanda kwa kitanda, akapenyeza mkono chini ya blanketi la mgonjwa mmoja, akaviona vidole vyake mwenyewe kwa juu. Akauonja mchuzi wao. Akauliza ukumbi uko wapi, akaonyeshwa, akasimama mlangoni kwa viatu vyake na hakuingia. Waliokuwapo wanasema alibubujikwa na machozi, na safari hii hakuna aliyeyapa maana isiyokuwa yao.

Nyumba haikufungwa. Mablanketi ya sufu yalirudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo, mazulia na kile kiti vikauzwa yakanunuliwa mablanketi mengine, na ukumbi wa wageni ukatiwa vitanda. Hudhayl alivuliwa usimamizi wa mali. Sheikh alimwombea asipigwe, naye akakubali kubaki kama mchota maji, na inasemwa alichota kwa unyenyekevu. Liwali akaweka amri kwamba mkaguzi hatangaziwi, hakalishwi wala halishwi, na kwamba mtumishi anayesema kasoro haguswi katika kazi yake. Bi Rayta akarudi kwa wagonjwa wake.

Ama Sheikh Ghassan, Ijumaa iliyofuata alipanda mimbari akakisimulia kisa chake upya, kama kilivyokuwa. Watu walilia tena, lakini hakulia nao. Aliwaomba wamsaidie kukipeleka kisa cha kweli kila mji ambao kile cha mwanzo kilikuwa kimefika.

Mwaka uliofuata aliingia nyumba ile kwa mlango wa uani. Alimkuta Bi Rayta anamlisha uji mgonjwa, akamsalimu, akamuuliza hali yake.

"Alhamdulillahi, Sheikh," alijibu, hata hakugeuka. "Na paa la upande wa wanawake linavuja."

Sheikh akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Sasa hiyo ndiyo hamdu iliyotimia," akaenda kutafuta ngazi.

Tufahamu, ndugu zangu katika imani. Subira ni pambo la mja katika yale yanayompata yeye, wala haikuwekwa iwe pazia la kufunikia yanayowapata wengine. Na wewe uliyepewa dhamana ya kuangalia kazi za watu, ukiulizia hali na kila mtu akahimidi, usiondoke kwa furaha. Inuka kwenye kiti, ukaguse blanketi kwa mkono wako. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaomshukuru kwa ulimi na kuwasemea waja wake kwa ulimi huo huo. Amina.