Mizinga Ilipojifunza Kubembea

Kabla mizinga haijajua kubembea, warina asali wa misitu ya miyombo waliipachika kwenye panda za miti, ikakaa imetulia. Nyegere hakungoja kualikwa. Alipanda, akang'oa kifuniko, akala asali na majana, yaani watoto wa nyuki, kisha akauangusha mzinga na kwenda zake. Mnyama yule hana haya, tuseme kweli.

Warina wakaapa kummaliza. Wakatega matanzi, wakachimba mashimo, wakafukiza mapango, na kila aliyeua alipigiwa vigelegele. Mwishowe msitu mzima ukabaki na nyegere jike mmoja na mwanawe.

Aliyewasaka kuliko wote ni Mihambo. Msimu ule mizinga yake sita ilikuwa imevunjwa, na asali yake ndiyo ingetengeneza pombe ya harusi ya bintiye, Nyamizi. Asubuhi moja alikwenda msituni na mkewe, Kabula, akamkuta yule jike amenaswa mguu. Mtoto, mdogo kama kibuyu cha maziwa, alikuwa akitafuna kamba ya tanzi, anatetemeka wala hakimbii. Mihambo akainua rungu, mkono ukamwia mzito. Alimhurumia mama yule, na huruma yenyewe ikamuudhi.

"Nikimwacha huyu, harusini tutawanywesha watu maji," alisema.

"Baba Nyamizi," Kabula akamjibu, "paka wetu ni mwizi wa vitoweo tangu azaliwe. Umewahi kuniona nikimuua?"

"Wewe kitoweo unakitundika kwa kamba."

"Ehe! Mwizi wangu nimemshinda kwa kamba. Wako mpaka rungu?"

Mihambo akalitupa rungu chini. Akafunga kisu kwenye ufito mrefu, maana huruma si ujinga, akalikata tanzi. Mama na mwana wakatokomea vichakani. Kamba ile ile akaifunga kwenye mzinga wake uliosalia, akauning'iniza tawini, mbali na shina.

Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu. "Mihambo anawabembeleza nyuki walale!"

Siku ya kurina, aliukuta mzinga mzima, umejaa. Lakini shina lilikuwa na alama za kucha, zimepanda na kushuka mara nyingi. Chini palikuwa na nyayo tatu na mburuzo wa mguu wa nne, na kando yake vinyayo vidogo. Wote wawili walikuwa wameketi pale, wakitazama juu, kisha wakaondoka na njaa. Mihambo akauteremsha mzinga. Pombe ya Nyamizi alikuwa nayo, na bado moyo ulimuuma. Akachagua sega nono, akaliacha juu ya zile nyayo.

Waliocheka wakaja mmoja mmoja kuomba kufundishwa fundo.

Na tangu siku hiyo, mizinga ya huko huning'inia kwa kamba, upepo ukipita inabembea. Na mrina akirudi nyumbani na asali, kabla hajatua mzigo, wazee humuuliza: "Na yule wa mguu mbovu, umemwachia nini?"